Mdomo wa Kuazima

Siki ikichemka pamoja na karafuu, mimi hushikwa na woga. Najua ni upuuzi, na bado hunishika. Wiki jana wenzangu wa ofisini walinitoa mjini wakanipeleka kwenye mkahawa mmoja kule Karen kuniaga kabla sijasafiri, na mpishi alipofunua sufuria huko nyuma, harufu ile ikaja moja kwa moja hadi mezani petu. Niliweka uma chini. Mmoja wao akacheka, "Njeri, unakaa mtu ameona nyoka." Basi wakaanza kunitania: mtu anayeogopa harufu ya jikoni ataishije wiki mbili huko Uholanzi, atakula nini, na atakula wapi? Nikawaambia nina orodha, tena imeandikwa na mwenyeji. Walidhani nazungumzia kitu cha kwenye simu.

Harufu ile ilikuwa ya sweta ya Mama. Tulikaa Riruta, upande wa Satellite, kwenye ploti ya milango minane, na Mama alikuwa mpishi wa mzungu mzee wa Karen tuliyemwita Madam Fien. Madam alitoka Maastricht, mji wa kusini kabisa mwa Uholanzi, akiwa bibi harusi. Mumewe alizikwa hapa, nywele zake zikawa nyeupe hapa, lakini tumbo lake lilikataa kuhama. Mama aliingia jikoni kwake akijua kupika irio na nyama ya kukaanga; miaka michache baadaye alikuwa anajua kulaza nyama ndani ya siki siku mbili, kuichemsha na karafuu, kisha kuivunjia mkate wa tangawizi ili mchuzi uwe mzito. Jioni alipoinama kunifungua kamba za viatu, harufu hiyo ndiyo iliyoniambia amefika. Alikuwa anapika chakula cha mji ambao hakuwahi kuuona hata kwa picha.

Nilikuwa na miaka tisa Madam alipoanza kuanguka anguka bafuni. Mwanawe aliyekuwa huko kwao akaamua arudi akatunzwe, na Madam akasema sawa, ila Mama amsindikize na kukaa naye wiki sita mpaka azoee. Baba, ambaye alikuwa fundi wa mbao kando ya Naivasha Road, aliona ni jambo dogo. "Wiki sita ni nini? Kuna kabati hapa imenichukua zaidi ya hiyo." Shosho, mama yake Baba, ambaye tulikuwa tukiishi naye, aliendelea kuchambua maharagwe. Mimi sikulala vizuri tangu siku hiyo.

Woga wangu ulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa mlango wa tatu. Baba yake Ken, mpangaji mwenzetu, alikuwa ameenda ng'ambo kwa mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, mwingine ukaisha. Watu walipomuuliza mama yake Ken, alikuwa akijibu kwa upole, "Huyo amekuwa mtu wa huko." Alisema hivyo mara nyingi mpaka nikaamini ni jambo linalompata mtu, ugonjwa fulani, na kwamba likishakupata hakuna dawa. Ken tulikuwa naye darasani. Alikuwa ameacha kumtaja babake kabisa.

Sasa wiki moja kabla ya safari, Mama alirudi na karatasi ya daftari aliyoandikiwa na Madam, akaiweka kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba wake. Alipotoka kuanika nguo, nikaitoa. Madam aliandika kwa herufi kubwa, kwa kile Kiswahili chake cha jikoni, na mimi nilikuwa msomaji mzuri kuliko ilivyonifaa. Juu aliandika: MJI WANGU. KULA WAPI, KULA NINI.

ASUBUHI: MKATE WA WALI. NDIYO, WALI NDANI YA MKATE. DUKA IKO KWA GURUDUMU LA MAJI. YA STESHENI USINUNUE. Hilo lilinishangaza tu. Kisha: IJUMAA SOKONI, SAMAKI MBICHI NA KITUNGUU. SHIKA MKIA, INUA KICHWA, FUNGUA MDOMO. Kisha: DAMU NDANI YA UTUMBO, PAMOJA NA TUFAHA YA KUKAANGA. Kisha: ILE MBOGA YA VIDOLE VYEUPE, INACHIMBWA UDONGONI, TOA NGOZI KWANZA. NYAMA YA SIKI NA VIAZI. ZAMANI ILIKUWA FARASI. WENGINE BADO. ULIZA. Halafu UYOGA WA PANGONI, MLIMANI, WANAINGIA NA TAA. Na chini kabisa, pale karatasi ilipoishia: UKILA HIVI VYOTE, WEWE UMEKUWA MTU WA MJI WANGU.

Nilisikia ndoo ya Mama ikiwekwa chini nje ya mlango. Nikaikunja karatasi, nikairudisha, nikakaa kitandani nikiwa nimeshika magoti. Shosho alikuwa amenisimulia habari za zimwi tangu nilipokuwa nikinyonya. Zimwi hukaa pangoni. Zimwi hukaribisha wageni vizuri sana, huwapa chakula, na anayekula kwake hatoki. Sasa hapa palikuwa na pango, damu, vidole vilivyomenywa ngozi, na mtu aliyeandika waziwazi, bila kuficha, kitakachompata Mama akimaliza sahani ya mwisho. Kumbe hivyo ndivyo baba yake Ken alivyopotea. Alikula vyote.

Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Nilijua tu kwamba Mama asipokuwa na ile karatasi hatajua kwa kwenda, hatamaliza, na asipomaliza atabaki wetu.

Siku ya kuondoka walikuja wazee wawili wa kanisa na majirani kumwombea. Tulisimama sebuleni, tukashikana mikono, tukafumba macho. Maombi yalikuwa marefu. Walipofika kwa rubani na mitambo ya ndege, nikafungua macho, nikautoa mkono wangu kwenye mkono wa Shosho, nikaingiza vidole kwenye mkoba wa Mama uliokuwa kitini, nikatoa karatasi na kuitia ndani ya soksi. Amina ilinikuta nimeshafumba macho tena. Mtoto anayeiba wakati wa maombi huwa na hakika ya jambo moja, kwamba ameonekana. Nilibeba hofu hiyo pia, juu ya nyingine.

Mahali pa kuficha nilipajua. Shule yetu ilitaka kila daftari lifunikwe kwa karatasi ya kaki. Nilichukua daftari la hesabu, nikapaka uji uliobaki asubuhi kwenye jalada, nikaibandika ile karatasi, maandishi yakinitazama, kisha nikavalisha kaki juu yake. Kila siku shuleni nilikuwa nikifanya hesabu juu ya farasi na damu. Nikiinua kaki kidogo, ile sentensi ya mwisho ilikuwa palepale.

Mama alikuwa akipiga simu Jumapili tukitoka kanisani. Jumapili ya kwanza Baba aliweka simu mezani ili sote tusikie.

"Huko baridi ni aje?" Baba akauliza.

"Baridi si mchezo. Lakini ile karatasi ya Madam sijui niliacha wapi. Nimetafuta kwa mkoba yote. Saa hii ni mkate na jibini. Asubuhi mkate, lunch mkate."

Baba akacheka. "Utarudi ukiwa toast."

"Na Madam?" Shosho akauliza.

"Madam hainuki kitandani. Kila siku ananiuliza nimekula nini, nimekula wapi, na sina la kumwambia. Sipendi vile ananiangalia."

Mimi nilisikia mkate tu. Nilikuwa nimedhani atakula chakula kingine, cha kawaida, labda sukuma na ugali. Haikunijia kwamba huenda ule mji haukuwa na chakula kingine, kwamba nilikuwa nimebandika kwenye daftari langu chakula chote cha mama yangu. Jumapili ya pili akasema sketi imeanza kumzunguka kiunoni, akacheka. Baba naye akacheka. Nilikwenda chooni nikatapika. Jumapili ya tatu simu haikulia. Baba alisema ni mambo ya network, akarudi kwenye mbao zake, lakini nilimwona akiitazama simu kila baada ya kupiga msumari.

Nyumbani kwetu aliyechelewa huwekewa chakula, sahani ikafunikwa kwa sahani nyingine. Hakuna siku Mama alirudi kutoka Karen akakosa sahani yake. Basi nikaanza kumwekea. Nilikula nusu, nusu nikaifunika na kuisukuma nyuma ya kabati. Sikuwa mjinga, nilijua hakitamfikia. Lakini nilishindwa kumeza chakula chote nikijua alipo anakula mkate mkavu kwa sababu yangu. Asubuhi ya nne Shosho alifuata harufu ya githeri, mahindi na maharagwe yaliyochacha, akazikuta sahani zote.

Hakupiga kelele. Alijifunga leso yake, akanishika mkono tukaenda barabarani kwa mama wa mahindi. Hiyo ilikuwa desturi yetu ya Jumamosi, ingawa leo ilikuwa siku ya shule, katikati ya wiki. Shosho hakuwa na jino hata moja, lakini mahindi ya kuchoma alikuwa akinunua. Alikuwa akinipa mimi, tunakaa kwenye jiwe, ananiambia, "Kula polepole. Niambie." Nami nilikuwa nikimwambia: hapa yameungua, hapa ni laini bado yana maziwa, ndimu imekolea, pilipili imenipata kwa kona ya mdomo. Yeye hufumba macho, taya zake zikitembea taratibu. Nikimaliza hushusha pumzi na kusema ameshiba. Siku nyingine yalikuwa mahindi, siku nyingine mtura. Sikuwahi kuona ajabu yoyote katika jambo hilo, nilidhani mashosho wote hula hivyo.

Siku hiyo sikuweza kung'ata. Punje moja ilinikwama nikaanza kulia, na katika kulia nikasema yote: karatasi, maombi, soksi, uji. Nilingoja kofi.

"Enda ulete hiyo kitabu," Shosho akasema. "Mimi sijui kusoma. Nisomee."

Nikakimbia nyumbani nikalileta, nikainua kaki, nikasoma. Kwenye mkate wa wali alitikisa kichwa tu. Kwenye farasi akasema punda si mbali na farasi na kuna watu anawajua. Nilipofika kwenye damu ndani ya utumbo, akanigeukia.

"Na wewe hukula nini hapa kila wiki?"

"Mtura."

"Na mtura ni nini?"

Sikujua. Naapa sikujua. Nilidhani mtura ni mtura. Aliponieleza kwamba ni utumbo uliojazwa nyama na damu, nilitazama jiko la mchoma nyama aliyekuwa akituuzia hapo barabarani, nikaona nimekuwa zimwi muda mrefu bila habari. Shosho alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Kitu kimoja tu kilimfanya akunje uso, nacho ni samaki. Yeye na wazee wenzake, kwa mila yao, hawakuwahi kutia samaki kinywani. "Hiyo sasa ndiyo itaua mamako," akasema. "Na tena mbichi?"

Halafu akayaangalia mahindi mkononi mwangu.

"Huyu mzungu ana meno?" akauliza.

"Ya kuvaa. Mama alisema siku hizi hayavai."

"Basi. Amezeeka, hawezi kutoka, hawezi kutafuna. Alikuwa ameazima mdomo ya mamako, ndiyo akule mji yake mara ya mwisho. Hiyo karatasi haikuwa ya mamako, Njeri. Mwenye njaa huko ni mwingine."

Nilidhani kukiri kungenipunguzia woga. Ulizidi. Nilimkumbuka Mama akisema kila siku anaulizwa amekula nini na hana la kumwambia. Niliona kitanda, na mtu juu yake anayesubiri kuambiwa, siku baada ya siku, na mimi huku nikigawanya na kujumlisha juu ya karatasi yake. Na kama ameshakufa? Pengine ndiyo sababu simu haikulia. Siku nne zilizobaki kufika Jumapili nilizihesabu moja moja.

Jumapili simu ililia kabla hatujavua viatu vya kanisani. Shosho alimnyang'anya Baba mkononi, jambo ambalo sijawahi kuliona tena, akanipa. Sikusalimia.

"Mama, Madam amekufa?"

"Hapana. Ati nini? Ni nani anakwambia hivyo? Wiki jana alikuwa hospitali, lakini tumerudi kwa nyumba." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Hataki kula. Hata uji nimempikia, anageuka tu kwa ukuta."

"Mimi ndio nilichukua karatasi."

Baba alisimama. Shosho akamwonyesha kiganja, naye akakaa. Upande wa Mama nilisikia kiti kikivutwa. Kisha akasema, "Soma."

Nilisoma. Niliposema mkate wa wali, nilisikia simu ikihamishwa, na pumzi nyingine ikaingia masikioni mwangu, nzito, ya karibu.

"Nani huyu?" Madam akauliza kwa Kiswahili chake.

"Mtoto wa Mama Njeri."

"Soma polepole."

Nikasoma polepole. Nilipofika kwenye samaki alisema mkia ni lazima ushikwe kwa vidole viwili, siyo kwa mkono wote. Nilipofika kwenye pango alisema siku hizi sidhani, sidhani, lakini aulize. Kisha nikafika chini, kwenye ile sentensi. Nilisita, kwa sababu hata sasa ilinitisha, hata baada ya Shosho na mtura. Nikaisoma kwa sauti ndogo: ukila hivi vyote, wewe umekuwa mtu wa mji wangu.

"Endelea," akasema.

"Imeisha."

"Haijaisha. Geuza."

Nilitazama daftari. Upande wa pili ulikuwa umeganda kwenye jalada, uji umekauka ukawa mgumu. Baba alilowesha kidole kwenye chai yake, akapitisha pembeni mwa karatasi, na tukaibandua pamoja, yeye akivuta, mimi nikishikilia. Ilichanika mahali pawili. Maneno mengine yalibaki kwenye jalada na ilibidi niyasome kutoka huko. Sentensi ilikuwa imevuka ukurasa. KWA SIKU MOJA. HALAFU RUDI HARAKA KWA MTOTO WAKO. YEYE NI MDOGO.

Nililia mbele ya watu wote, tena kwenye simu ya kulipiwa na mtu mwingine. Huko upande wa pili Madam aliguna tu, na nikasikia akimwambia Mama avae koti.

Mama alikula mji mzima kwa siku kumi. Alikuwa akirudi kila siku saa saba, anavuta kiti kando ya kitanda, anaanza kusema: ukoko ulikuwa laini, wali ulikuwa na mayai na sukari kidogo kuliko wangu, muuzaji ni mjukuu wa yule muuzaji wako wa zamani, vile vidole vyeupe kumbe ni machipukizi ya mboga tu. Anasema Madam alikuwa akifumba macho, taya zikitembea. Siku ya nyama ya siki aliomba mchuzi kidogo kwa kijiko, akaumeza. Mama alirudi kwetu wiki ya sita ilipoisha, harufu ile kwenye sweta. Shosho alimuuliza kama alikula farasi, akasema aliuliza kama alivyoandikiwa, akaambiwa ndiyo, akala. Akamuuliza kuhusu samaki, akasema alikula pia, na Shosho akakataa kunywa kutoka kikombe chake kwa muda. Madam Fien alifariki kabla ya Krismasi. Mimi sikuchapwa, na nadhani hiyo ndiyo sababu woga ule haukupata pa kutokea ukabaki.

Leo Mama ndiye asiyetafuna. Tangu apatwe na kiharusi anakunywa uji mwepesi na supu iliyochujwa, na daktari ameonya kwamba hata wali unaweza kumpalia. Tunakaa naye palepale Riruta. Jumamosi hununua mahindi, nakaa mbele yake, nakula, namwambia. Na sasa kazi inanituma kozi ya wiki mbili, kati ya miji yote ya dunia, Maastricht. Nilipoambiwa nilikaribia kukataa. Usiku na mchana nawaza kijiko kikubwa mno, mkono wa mtu atakayemlisha nikiwa sipo, asiyejua ni pumzi ngapi kati ya funda na funda. Nina watoto wawili na cheo ofisini, na ninaogopa vilevile nilivyoogopa nikiwa na karatasi ndani ya soksi.

Jana alasiri nilikwenda chumbani kwake kuomba ile orodha. Alikuwa ameshaitoa, imelala juu ya blanketi, na kalamu kando yake. Anatumia mkono wa kushoto siku hizi, kwa shida.

"Ukule," akasema. Maneno yake hutoka mazito. "Uniambie."

"Mama, naweza kuwaambia watume mtu mwingine."

"Geuza."

Niligeuza. Ile michaniko miwili bado ipo, na madoa ya uji. Kwenye mstari wa mwisho alikuwa amekata neno moja, na juu yake ameandika lingine kwa herufi zinazoyumba. Mengine hakuyagusa, ameyaacha kama Madam alivyoyaandika. HALAFU RUDI HARAKA KWA MAMA WAKO. YEYE NI MDOGO.